Sweta Lililoanikwa Juu ya Masale

Mimi ni mfumuaji. Kufuma nafuma pia, tena vizuri tu, lakini raha yangu hasa iko kwenye kufumua. Nipe sweta kuukuu, wembe na kiti cha kukaa barazani, kisha uniache. Nitaitafuta ncha ya uzi pale shingoni, nitaivuta taratibu, na sweta litaanza kuniachia mstari kwa mstari, mpaka kile kilichokuwa mabega na mikono ya mtu kibaki donge la uzi mapajani kwangu. Mume wangu husema hajawahi kuniona mpole kiasi hicho kwa jambo lingine lolote. Hakosei. Mimi ni mtu wa Kibosho niliyeolewa Marangu, na huku Marangu wakimwona mtoto ana hasira za karibu, humuuliza mama yake kama kwao ni Kibosho.

Wanawake wengi wamenijia niwafundishe, nami nawafundisha wote, sina choyo. Lakini kabla sijamkabidhi mtu wembe, namkalisha kwanza nimsimulie habari ya sweta moja la kijani. Wengine wanaona nawachelewesha. Wacha wachelewe.

Utotoni mwangu nguo ilikuwa kitu cha kupangia foleni. Sweta la shule lilipita kwa ndugu wanne, na mimi nilikuwa wa nne, kwa hiyo nilichovaa hasa ni matundu yaliyoshikana mikono. Mitumba iliporuhusiwa kuingia, Moshi mjini pakafurika masweta ya Ulaya, yamerundikwa juu ya maturubai, mengine makubwa ya kumtosha ndama. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nimeolewa karibuni, na baridi ya mlimani haina mzaha. Fundi baiskeli akaninolea spoku mbili kwenye jiwe, zikawa sindano zangu za kufumia. Nikaanza hivyo.

Ukienda sokoni usiangalie rangi kwanza. Ligeuze sweta, uangalie ubavu. Kama limekatwa na kushonwa kwa mashine, liache hapo hapo, kwa sababu ukilifumua utapata vipande vya uzi urefu wa mkono, kazi bure. Kama mbavu zimeunganishwa kwa mkono, kimbia nalo. Ukishafumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, uufunge sehemu nne usije ukatatizika, uufue kwa sabuni ya kipande, halafu uutundike na jiwe chini ili mikunjo inyooke. Kesho yake uzi umesahau. Hilo ndilo lililokuwa likinifurahisha kuliko yote: uzi uliokaa umejikunja miaka na miaka, ukilowa na kuvutwa na jiwe, unasahau kabisa ulikuwa nini. Nilidhani hilo ni jambo zuri tu, lisilo na ubaya wowote.

Nilichofuma nilikigawa. Marangu ni nyumbani kwa wapagazi, wanaume wanaowabebea wageni mizigo kwenda juu mlimani, na wengi wao siku zile walipanda na koti la kuazima na masikio wazi. Basi kabla ya kila msimu wa wageni nilifuma mizula, zile kofia za kuvuta mpaka chini ya masikio, nikawapa wapagazi wa jirani. Walinichekea, wakaniita fundi wa vichwa, lakini walizivaa.

Majirani wakasikia, wakaanza kuniletea masweta yao yaliyochakaa. Mchana nilikuwa shuleni, kwa hiyo nikatangaza utaratibu: mwenye sweta la kunipa alitundike juu ya masale, pale njia inapoingia kwetu, nitalikuta. Masale ndiyo ua wetu, kama ilivyo kwenye kila kihamba, shamba la nyumbani, huku, ile mimea yenye majani marefu ya kijani inayopandwa mpakani. Lakini kwetu Wachagga isale si ua tu. Ukimkosea mtu na unataka msamaha, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea kwa mkono wako. Anayeletewa isale hakatai. Mimi nikaufanya mmea huo kamba ya kuanikia mitumba. Mama mkwe wangu alipoona mara ya kwanza, alisimama, akatazama, akasema, "Haya, mwalimu."

Mume wangu ni kitinda mimba, na kwa desturi kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kwa hiyo mama mkwe alikaa kwetu, au niseme sisi tulikaa kwake: nyumba yake ya zamani na yetu zilitenganishwa na hatua ishirini na migomba michache. Baba mkwe sikumkuta. Alifariki mwaka mmoja kabla sijaolewa. Mama yangu mzazi naye alikuwa ameshatangulia, na nilipojifungua mtoto wa kwanza, ni mama mkwe aliyenilea ile miezi mitatu ya uzazi: mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori mchana, mtori jioni, na maziwa katikati, mpaka pete ya ndoa ikagoma kutoka kidoleni. Kichagga cha Kibosho na cha Marangu havifanani, kwa hiyo mimi na yeye tulielewana kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, na Kiswahili kikabaki kuwa lugha yetu wawili hata baada ya mimi kujua cha kwao. Nilimpenda. Sikuwahi kumwambia, huku hatuambiani mambo hayo, lakini nilimpenda.

Mwaka ule wa sweta, tuling'oa kahawa. Si yote. Bei ilikuwa imeanguka mpaka wazee wakawa wanaona aibu kuitaja, na ng'ombe walihitaji kula. Mimi na mume wangu tukaing'oa mibuni iliyokuwa mbele ya mlango wa mama, tukapanda majani ya ng'ombe. Mama alisimama mlangoni akitutazama, mikono ameifunga kifuani. Nilidhani anaisikitikia kahawa.

Jumamosi moja ya Agosti, jua likatoka. Anayekaa mlimani anajua maana yake, baada ya wiki na wiki za ukungu na manyunyu: kila mwenye kitu chenye ukungu alikitoa nje. Nilitoka kisimani, nikapita njiani, na juu ya masale nikaona sweta. La kijani kilichokolea, na mstari mmoja mpana wa rangi ya maziwa kifuani. Nikaligeuza ubavu. Haki ya Mungu, nilitaka kupiga vigelegele! Sufu tupu, nzito, imefumwa kwa mkono kutoka shingo hadi kiunoni. Viwiko vilikuwa vimetiwa viraka kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo, ya mtu mwenye subira. Niliikata mishono ile kwa wembe, nikaitupa kwenye majivu.

Sikuuliza lilikuwa la nani. Sikuwahi kuuliza. Jioni lilikuwa limekuwa madonge, Jumatatu limefuliwa, na baada ya wiki mbili nilikuwa na mizula sita ya kijani yenye mstari wa rangi ya maziwa. Nikaigawa kwa wapagazi sita, nikajipongeza.

Siku zile nilimwona mama mkwe mara mbili akizunguka zunguka kwenye masale, akifunua majani kama anayetafuta yai la kuku. Nilimuuliza, "Mama, umepoteza nini?" Akajibu, "Hakuna." Nikaendelea na shughuli zangu.

Mwezi mmoja baadaye, Jumapili, alirudi kutoka kanisani peke yake, kabla ya wenzake. Nilikuwa nimekaa barazani namenya ndizi. Hakupita kwake kuvua viatu. Alikuja moja kwa moja, akasimama mbele yangu.

"Lile sweta la kijani lililokuwa kwenye masale," akasema, "ulilichukua wewe?"

"Ndiyo, mama. Agosti ile. Si lilitundikwa?"

"Nimemkuta mtu njiani, ananipa shikamoo, kichwani kwake kuna kofia. Nikaishika. Akaniambia kapewa na mwalimu." Alivuta pumzi. "Lilikuwa la baba yenu."

Nilijua palepale nimefanya nini. Napenda nieleweke hapa: sikuhitaji kuelezwa. Na badala ya kuweka kisu chini na kusema nisamehe, mdomo wangu wa Kibosho ukatangulia.

"Sasa mama, mimi ningejuaje? Mlima mzima unajua cha kwenye masale ni changu! Na lenyewe lilikuwa limekwisha, viwiko viraka vitupu. Limekaa tu linaliwa na nondo. Marehemu hasikii baridi."

Ndizi niliyokuwa nimeishika ilianguka ndani ya sufuria. Mama mkwe alinitazama, si kwa hasira. Laiti ingekuwa hasira, hasira naijua.

"Kweli," akasema. "Hasikii."

Akaenda zake.

Mume wangu ndiye aliyenieleza mengine, jioni ile ile, akiwa ameshika kichwa. Kwetu mtu akifa, siku ya kumaliza msiba nguo zake hugawiwa ndugu. Hakuna kinachobaki, ndiyo desturi. Mama alitoa kila kitu, makoti, suruali, mpaka mkanda, ila sweta lile alilificha chini kabisa ya sanduku lake la bati, na hakumwambia mtu. Mume wangu mwenyewe alilijua kwa sababu aliwahi kumkuta amelishika. Kila mwaka, jua la kwanza likitoka, alilianika juu ya mibuni mbele ya mlango wake, mahali ambapo mpita njia hawezi kuliona. Mwaka ule mibuni haikuwepo, akalitundika kwenye masale, ambako mpita njia angelidhani mtumba wangu, akitarajia kulitoa kabla sijarudi kisimani. Tuliing'oa sisi. Na lilipopotea hakuweza kumuuliza mtu yeyote, maana angeuliza vipi juu ya kitu ambacho hakutakiwa kuwa nacho?

"Na wewe ukamwambia marehemu hasikii baridi," mume wangu akasema. "Kwa mdomo wako huo."

"Kwa mdomo wangu huu."

"Peleka isale. Leo."

Sikupeleka. Hapa ndipo penye kosa langu kubwa kuliko la wembe. Nilisema moyoni, siendi kwa yule mama na jani tupu. Nitalirudisha sweta kwanza, nitalifuma upya kama lilivyokuwa, ndipo nipeleke isale na sweta juu yake. Mume wangu akasema isale haliendi na sweta, isale linakwenda lenyewe. Nikamwambia anyamaze, hajui kufuma.

Asubuhi yake mama mkwe alituita wote wawili mlangoni kwake. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anapanga zamu ya kukata majani. "Nitakaa mpaka Krismasi. Kaka yenu akija na gari, nitaondoka naye. Nimezeeka, baridi ya hapa inanichosha." Shemeji yangu mkubwa anakaa Dar es Salaam. Mama alikuwa amelala huko mara moja tu maishani, akarudi akilalamika kwamba maji ya kule yana chumvi na watu hawasalimiani. Si baridi iliyokuwa inamtoa. Mama kuondoka kwa kitinda mimba wake, akaacha kaburi la mumewe mgombani, hilo halifanyiki mpaka awe amefukuzwa, na kila mtu angejua ni nani aliyemfukuza. Aibu niliiogopa, sitaficha. Ila nilichoogopa zaidi ni ile nyumba ya hatua ishirini kukaa bila moshi.

Kuanzia siku ile hakula chakula changu. Nikimpelekea mtori anasema, "Asante, nimeshiba." Nikimpelekea kiburu cha ndizi na maharage, ameshiba. Alijipikia mwenyewe kwenye mafiga yake, na mimi nilisikia kijiko chake kikigonga sufuria nikiwa nimelala chali kitandani mchana wa Jumapili, nalia kama mtoto aliyenyimwa.

Basi nikaanza kudai kofia. Jamani, kuna jambo la aibu kuliko kumpa mtu kitu mbele za watu halafu ukamfuata kukidai? Wa kwanza alinicheka: "Mwalimu, umefilisika?" Akaivua, akaikung'uta, akanipa. Wa pili mkewe ndiye aliyeitoa, akanitazama kwa jicho ambalo nalikumbuka mpaka leo. Wa tatu nilimsubiri getini, pale wanapoanzia kupanda mlima, siku aliposhuka na wageni, midomo imepasuka, akanipa kofia ingali na joto la kichwa chake. Wa nne na wa tano nao walitoa. Wote niliwaahidi nitawafumia nyingine kabla ya msimu wa Desemba. Sikuwafumia. Kila dakika yangu ilikwenda kwenye sweta.

Wa sita alikataa. Mtu mzima, baba wa watoto watano, amebeba mizigo ya wageni tangu ujana wake. Nilimkuta anakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe, kofia kichwani.

"Mwalimu, niombe kuku," akasema. "Niombe mkungu wa ndizi, chagua wewe mwenyewe. Kofia sitoi."

"Ni ya marehemu mkwe wangu!"

"Pole sana. Ila kila nikishuka kule juu masikio yangu yalikuwa yanababuka ngozi mpaka damu. Tangu nivae hii hayajababuka tena. Sitoi."

Nilimwita mchoyo. Nilimwita na mengine. Aliendelea kukata mgomba wake.

Kwa uzi wa kofia tano nilifuma sweta. Nilifuma wakati wa mapumziko shuleni, nilifuma nikichunga ubwabwa usiungue, ukaungua. Mstari wa rangi ya maziwa nikaurudisha kifuani, mahali pake. Lakini uzi ulinitosha kiwiliwili na mkono mmoja. Mkono wa kushoto uliishia juu ya kiwiko, na ncha za uzi zikaning'inia.

Krismasi ikaja. Huku kwetu Desemba kila aliyeko mbali hurudi, magari yanapanda mlima mfululizo, kila boma lina mbuzi na pombe ya mbege. Shemeji akafika na pikapu yake na zawadi zake. Tulikula, tuliimba, wageni walisema mama anaonekana mzima. Mama alikula nyama iliyochomwa na wanaume. Cha jikoni kwangu hakugusa. Nilikuwa na sweta kabatini na isale lilikuwa limejaa ua mzima, na sikwenda. Kila siku nilisema kesho, labda yule bwana atabadili mawazo, labda nitapata uzi wa kijani unaofanana.

Asubuhi ya kuondoka nilimwona mama kutoka dirishani. Ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yake, amevaa viatu vya kanisani, na kando yake furushi la vitu vyake limefungwa kwa kitenge. Lilikuwa furushi dogo mno. Sijui kwa nini udogo wake ndio ulionivunja. Nilishika sweta, nikatoka mbio, nikachuma jani pale pale njia inapoingia, nikalifunga fundo.

Nilipiga goti mbele yake.

"Mama, nimekukosea. Sweta nililichukua kwa kutokujua. Lakini neno lile sikulisema kwa kutokujua. Nililisema ili likuume, kwa sababu nilijua nimekosa. Nisamehe."

Alilipokea jani kwa mikono miwili, akaliweka mapajani. "Nimepokea," akasema. "Isale halikataliwi." Lakini macho yake yalikuwa barabarani, kwenye gari, na furushi lilikuwa pale pale. Nikaelewa kwamba kusamehewa nimesamehewa, na kuondoka ataondoka.

Nikamwekea sweta. Alilikunjua polepole. Akapitisha kidole kwenye mstari wa rangi ya maziwa. Akatafuta kiwiko cha kulia, mahali palipokuwa na mishono myeusi, ambayo nilikuwa nimeshaelewa ni nani aliyeishona. Palikuwa laini. Kisha akashika mkono wa kushoto.

"Huu mwingine uko wapi?"

"Uko kichwani kwa mtu, mama. Watano walinirudishia kofia, huyu wa sita nimemfuata mara tatu. Amekataa kuutoa."

"Kwa nini?"

"Anasema alikuwa akishuka masikio yamebabuka. Sasa hayababuki."

Mama mkwe aligeuka akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili ya ndizi.

"Baba yenu naye alibeba mizigo ya wageni, alikuwa anashuka hivyo hivyo," akasema. "Miaka yote. Amejifunga kipande cha blanketi kichwani, masikio yametoka ngozi. Nilikuwa nampaka samli hapa, kwenye kizingiti hiki, analia machozi. Baada ya siku nne, anapanda tena. Sweta hili alipewa na mgeni safari yake ya mwisho kabisa, wanafika getini, magoti yake yameshakataa kazi. Mlimani halijapanda hata siku moja." Akalishika lile sweta na mkono wake nusu. "Amefanya vizuri kukataa, huyo."

Akageuza macho yake mlimani.

"Na hao wengine watano," akasema. "Sasa hivi wamevaa nini?"

"Mama..."

"Wamepanda?"

"Watatu wamepanda juzi."

"Masikio wazi?"

"Wazi, mama."

"Yesu wangu!" akasema mama mkwe, na hapo sasa ndipo hasira ilipokuja, na niliifurahia kama mvua. "Wewe mtoto una kichwa cha namna gani? Umewavua watu kofia katikati ya baridi ili uje unipendeze mimi! Jani moja tu lilikuwa linakushinda? Hatua ishirini! Miezi mitatu nimekaa hapa nasubiri jani, na wewe uko ndani unafuma!"

Nililia sasa, bila haya, pua na machozi. Shemeji akapiga honi. Mama hakugeuka.

"Neno lako lilikuwa baya," akasema, sauti imeshuka. "Lakini ni kweli, hasikii. Wao ndio wanaosikia. Kalete wembe."

"Mama?"

"Wembe. Hujui wembe?"

Shemeji akaja na funguo mkononi, anasema jua linapanda, barabara ndefu. Alitukuta tumekaa kwenye kizingiti, mimi nimeshika sweta, mama ameshika ncha ya uzi. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nenda, mwanangu," mama akamwambia. "Wasalimie. Nina kazi hapa."

"Na mzigo, mama?"

"Urudishe ndani."

Mimi nilifumua, yeye akakunja donge. Hakuwa amewahi kufanya kazi ile, lakini vidole vyake vilijua. Mkono ulikwisha, mabega yakafuata. Gari lilinguruma, likateremka. Donge la kwanza lilipokuwa kubwa kama ngumi, akasimamisha mikono, akalileta puani, akafumba macho, akanusa kwa muda mrefu.

"Sabuni tu," akasema.

Mikono yangu ilikuwa imesimama. Niliona akilishusha lile donge, akaliweka juu ya jani la isale mapajani mwake, akanyoosha kidole kwenye uzi.

"Vuta, mwanangu," akasema. "Watu wako mlimani."